Suruali ya Kitani ya Baba Mkwe

Kile kitambaa nilikinunua kwa sababu sikukijua. Nilikuwa nimekwenda Kavimvira, karibu na mpaka, kutafuta mapazia katika nguo za kaguwa, zile zilizovaliwa na wengine ng'ambo na kutufikia zikiwa zimeshindiliwa ndani ya maroba. Muuzaji, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu hata wasiotaka kuitwa, alikuwa akikung'uta mashuka juu ya turubai. Akavuta kitu kipana cha rangi ya nyasi kavu, kimejaa mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Hii ni drap, Mama. Ya kulalia," akaniambia.

Jirani yake akakataa. "Drap gani ile? Ni nappe ya mu meza ya wazungu."

Nikakishika. Kilikuwa kizito mkononi, lakini kilikuwa baridi, wakati kila kitu kingine pale kilikuwa kimeiva kwa jua. Nikakirudisha, nikaondoka, nikafika hadi kwa wabadilisha pesa, nikageuka. Mapazia sikununua.

Nyumbani nilikikagua pindo kwa pindo. Kwenye kona moja palikuwa na kijitambaa kilichokatwa nusu, na juu yake herufi tatu tu: LIN. Mume wangu akasema ni jina la kampuni. Mimi nikabaki nimeshika kile kijitambaa nikicheka peke yangu, kwa maana mimi ni mwalimu wa biolojia, na kila mwaka huwa ninachora ubaoni mmea wenye shina jembamba na maua ya buluu, ninaandika chini yake kwa Kifaransa "lin", ninawaambia wanafunzi kwamba kwa Kiswahili ni kitani, kwamba watu hutoa nyuzi katika shina lake, kisha ninafuta ubao na kuendelea na mkonge. Sikuwahi kukiona. Sikuwahi hata kujiuliza kama kina joto au baridi.

Basi nikataka kuhakikisha. Siku iliyofuata nilichomoa uzi mmoja, nikaenda nao nyuma ya nyumba, nikauwasha kwa kiberiti. Ukawaka kama jani kavu, ukanuka kama karatasi inayoungua, ukaacha jivu laini. Nikachukua uzi wa sketi yangu ya shule, nao nikauwasha. Ule ulijikunja, ukayeyuka, ukawa punje nyeusi yenye harufu mbaya.

"Muulize Madamu anachoma nini pale," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa baba mkwe wangu, na aliyekuwa akiambiwa aniulize ni mama mkwe wangu, aliyekaa katikati yetu akichambua mchele kwenye lungo. Wakwe zangu walikuwa wametoka Runingu kuja kuishi nasi walipochoka na shamba. Baba mkwe aliniita Madamu, kama wanafunzi wangu wanavyoniita, na hakusema nami moja kwa moja ikiwa kuna mtu wa kupitishia maneno. Mimi pia sikumtazama usoni. Si kwamba tulichukiana. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi: hamgusi, hakai naye kitanda kimoja hata cha kupumzikia mchana, havuki miguu yake. Vijana siku hizi wanacheka mambo hayo. Yeye hakucheka, na kwa kuwa hakucheka yeye, nami sikucheka.

Alikuwa mtu wa kupenda kutazama kazi. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Alipofika kwetu Uvira, kila asubuhi alishika fimbo yake akaenda mahali ambapo watu wanafanya jambo: kwenye mto Mulongwe kuangalia mashine zikitoa mawe yaliyoletwa na mafuriko, kwa wachomeleaji wa milango, ufukweni kwa wanaoziba mitumbwi. Alirudi na habari. Alijua kwa nini tairi la mashine fulani lilijazwa maji na si hewa.

Kisha kiangazi kikaja, na joto la ufukweni likampata. Mapele yakamtoka mapajani na kiunoni. Muuguzi akamwambia aache suruali zake za terigali, kile kitambaa kizito kisichopitisha hewa, lakini yeye hakuwa na nyingine. Alizishonesha ujanani, za kudumu, na kweli zilidumu. Za kaguwa alizijaribu, zote zikamshinda, hakusema kwa nini. Kwa fundi wa barabarani alikataa kabisa kwenda. Basi akajifunga kikwembe, yaani kitenge, cha mama mkwe, na mwanamume mzima hatoki barabarani na kikwembe cha mkewe. Akawa anakaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo kati ya kuta mbili za majirani kipande cha ziwa kinaonekana. Siku nyingi hakuwa ameona kazi ya mtu. Ndiyo maana hata mtu anayechoma nyuzi alimtosha.

"Ninaangalia kama ni pamba, Mama," nikamjibu mama mkwe.

"Anasema anaangalia kama ni pamba," mama mkwe akapitisha, ingawa alikuwa amesikia.

"Alete uzi moja."

Nikampa mama mkwe uzi, naye akampa. Baba mkwe alilima pamba ujanani, kule bondeni, wakati pamba bado ilikuwa ikilimwa katika tambarare ya Ruzizi. Aliuviringisha ule uzi kati ya vidole, akaufumua, akauvuta mpaka ukakatika.

"Hii haiko pamba. Pamba iko na nyuzi fupi, inaachana mbio. Hii ni ndefu. Hii ilitoka mu shina." Akafikiri. "Ni mafunjo?"

"Hapana, Papa," nikasema, na sikungoja mama mkwe apitishe. "Ni mumea wa kwao kule Ulaya. Wanaukata, wanauloweka mu maji unaoza kidogo, kisha wanautwanga, nyuzi zinabaki."

"Unaoza?"

"Ndiyo. Bila kuoza nyuzi haziachani na shina."

"Sasa nani aliona wa kwanza kama mu shina lenye kuoza muko nguo?"

"Sijui, Papa. Hata vitabu havisemi."

"Labda ni mutu mwenye hakuwa na nguo," akasema, na nikasikia anacheka.

Tuliongea hivyo muda mrefu, mimi nikitazama ziwa na yeye akitazama ukuta. Aliuliza kama mihogo ingeweza kutoa nyuzi, kama mmea ule ungeota Bwegera kwenye mashamba ya mpunga, kwa nini kitambaa kilikuwa baridi. Mengine nilijibu, mengine nilikisia. Mama mkwe akanyanyua lungo lake.

"Sasa munasema wenyewe kwa wenyewe. Minye niende kupika," akasema; minye kwao ni mimi.

Kabla mama mkwe hajaondoka, baba mkwe alikuwa amevuta kona ya kitambaa akaitandaza juu ya goti lake. Akaiacha pale. "Iko baridi kweli," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba anasikilizwa. Hapo ndipo nilipoamua kumshonea suruali.

Nina mashini ya miguu ya marehemu mama yangu. Nilikuwa nimeshona magauni ya watoto, blauzi, foronya, hata sare. Suruali sikuwahi, na nilidhani ni mifereji miwili tu iliyounganishwa juu. Lakini shida ya kwanza haikuwa kushona. Shida ilikuwa kupima. Mimi nisingeweza kumzungushia baba mkwe metere kiunoni, wala kumpima kutoka paja mpaka kisigino. Nikampa mume wangu metere. Akaenda, na mara nikasikia sauti ya baba yake kutoka chumbani.

"Minye bado siko maiti! Munanipimia sanduku?"

Mume wangu akarudi, metere imemning'inia shingoni, hana kipimo hata kimoja. "Papa hataki," akasema. "Unamujua."

Mama mkwe akatuokoa nusu. Akaniletea suruali moja ya terigali iliyotoboka goti, akasema mwenyewe ameshaisahau, niifumue. Nikakaa sakafuni barazani na wembe, nikaanza kukata uzi baada ya uzi. Nakumbuka furaha ya kazi ile. Suruali ilipofunguka ilikuwa vipande vinne vikubwa, na hakuna hata kimoja kilichofanana na mguu. Vipande vya nyuma vilikuwa vipana kuliko vya mbele, na mkato wake wa juu ulikuwa umeinama kama tumbo la mtumbwi. Kwa nini? Nikakalia kiti, nikasimama, nikakaa tena huku nimeshika sketi yangu nyuma, nikaelewa: mtu akikaa, nyuma inarefuka na mbele inafupika. Aliyekata suruali ya kwanza alimkata mtu aliyekaa na mtu aliyesimama kwa pamoja. Siku zile, njiani kwenda shule, niliwatazama wanaume wa Uvira wakipanda pikipiki kwa namna ambayo mke wa mtu hapaswi kutazama.

Nilipotandaza vipande vile ili nichore patroni ya kukatia kitani, niliona jambo lingine. Mguu wa kulia, pindo lake lilikuwa zima. Mguu wa kushoto, pindo lilikuwa limelika upande wa kisigino, nyuzi zimebaki kama ndevu, na udongo wa Runingu ulikuwa bado umo ndani ya mkunjo. Nilidhani ni bahati mbaya ya suruali moja. Nikamwomba mama mkwe anioneshe nyingine. Zote zilikuwa hivyo. Kulia pindo zima, kushoto limeburuzwa chini. Fundi wa zamani alikuwa amekata miguu miwili sawasawa, na mwenye suruali hakuwa na miguu miwili iliyo sawa.

Nilimwuliza mume wangu kwanza, kwa kuzunguka. "Papa anatembeaka na fimbo tangu lini?"

"Tangu zamani. Papa anatembeaka vile," akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini mlima uko pale ulipo.

Basi nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anatoa vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikakaa, nikaanza kumsaidia, nikamwambia nilichokiona kwenye mapindo. Mikono yake ikasimama.

"Minye njo niliyafuaka ile mapantalo miaka yote," akasema. "Nilijua kama iko siku mutu ataona. Mafundi wawili walitakaka kumupima vizuri. Akawakimbia."

"Ni nini ilimupata, Mama?"

Alichungulia mlangoni kwanza. "Ni mimba ya huyu mume wako. Uchungu ulinishika mapema, hakuna motokari, hakuna mutu. Akanipandisha ku kinga."

Kinga ni baiskeli. Aliniambia jinsi alivyokalia nyuma ameshika shati la mumewe, barabara ya bondeni imejaa mashimo ya mvua. Walipofika kwenye kijito, tairi likateleza juu ya jiwe.

"Kinga ikalala upande wangu. Na yeye akaona. Badala ya kuruka, akajitupa chini, minye nikamuangukia yeye. Nikasikia kitu inalia, kaa! kama fito. Nikasema, kinga imevunjika. Na yeye akasema, ndiyo, ni kinga."

"Kumbe ni muguu?"

"Akanipandisha tena. Akasukuma ile kinga mupaka ku hospitali, minye niko juu. Alikuwa anatoka jasho, nikafikiri ni woga. Mutoto akazaliwa. Kesho yake njo nikaona muguu umevimba kama muzigo wa mihogo. Mufupa ukaungwa na muzee wa kijiji, ukashika vibaya, ukabaki mufupi."

Nilimwuliza kwa nini mume wangu hajui. Akachukua samaki mwingine.

"Alikataza. Alisema, mutoto asikue akiangalia muguu yangu na kuona ni yeye aliuvunja. Na weye usimwambie."

"Sitamwambia, Mama."

Nikakaa na samaki mkononi. Mimi ni mwenye maswali, hata wanafunzi wananicheka, lakini pale swali lilinitoka moja tu, tena la fundi: "Ni mufupi kiasi gani?"

Mama mkwe akatoa kidole gumba chenye magamba ya samaki. "Kama hiki. Kutoka hapa mupaka ku ukucha."

Nikaleta metere, nikakipima kidole gumba cha mama mkwe. Kiuno alikipata kwa hila. Asubuhi baba mkwe alipofunga kikwembe, yeye alijifanya anakitengeneza nyuma, akapiga alama mbili za makaa, moja kila upande wa fundo. Jioni alinipa kikwembe, nami nikasoma kiuno cha baba mkwe kutoka alama hadi alama. Urefu nikautoa kwenye terigali, ule mguu wa kulia.

Kwanza nilikifua kitani na kukianika. Nilikuwa nimesikia kwamba hujikunyata kikikutana na maji, na ni kweli, kilirudi kifupi na kigumu kama ngozi ya mbuzi. Nikakipiga feri, pasi ya makaa, kingali na unyevu, kikalainika. Nikakitandaza sakafuni, nikakikandamiza kwa mawe ya ziwani kwenye kona nne, nikaweka vipande vya terigali juu yake, nikazungushia chaki. Kisha nikakaa na makasi mkononi bila kukata. Kitambaa kilikuwa kimoja. Kavimvira nzima nisingepata kingine. Majirani walipita wakaniuliza kama ninaumwa.

Nilipokata, sauti yake ilinishangaza. Pamba inakatika kimya. Kitani kilikoroma. Na pale makasi yalipopita, kingo zikaanza kufumuka hapohapo, nyuzi zikitoka moja moja, kana kwamba kinataka kurudi shambani. Ilinibidi nizungushie kila kipande uzi wa mkono kabla ya jambo lingine lolote. Mguu wa kushoto nikaufupisha kwa kidole gumba cha mama mkwe. Nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, ili nijaribu kabla ya kupitisha mashini.

Lakini nimjaribishie nani? Mume wangu kiuno chake ni cha baba yake. Nikamvalisha. Akasimama katikati ya sebule, akatazama chini.

"Umekosea," akasema. "Muguu mumoja ni mufupi."

"Gani?"

"Wa kulia."

Nilikuwa nimevilaza vipande kifudifudi, nikachanganya kushoto kwangu na kushoto kwake. Nilikuwa nimeufupisha mguu mzima na kuuacha mguu mbovu na urefu wake wote, na kitambaa kilichobaki kilitosha labda kufunika chungu. Mume wangu aliponiona vile akanishika bega, akasema si neno, ataivaa yeye hivyohivyo nyumbani. Hakuelewa kwa nini nilikuwa karibu kulia. Nisingeweza kumwambia.

Alipoivua niliichukua nikakaa nayo dirishani. Niligeuza upande wa nje, nikageuza upande wa ndani, nikitafuta kosa lilipoanzia. Nje. Ndani. Nje. Sikuweza kuona tofauti. Terigali ina uso na mgongo, kila fundi anajua, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Kile kitani hakikuwa na uso. Pande zote mbili zilikuwa zilezile, uzi juu uzi chini. Nikaingiza mkono ndani ya mguu wa kulia nikaupindua, kama mtu anayepindua soksi, kisha na wa kushoto, nikaiinua suruali mbele yangu. Mguu mfupi ulikuwa umehamia kushoto.

Nilicheka mpaka mama mkwe akaja kuangalia. Nikafumua bandi zote, nikavigeuza vipande, cha ndani kikawa cha nje, nikavishona upya kwa mashini. Mifuko niliifanya mikubwa, kwa sababu baba mkwe alipenda kuokota vitu barabarani, misumari, vipande vya mabomba. Kiunoni nikapitisha kamba badala ya mkanda, kwa ajili ya mapele. Mume wangu alipita akaitazama, akasema kwa upole, "Muguu mumoja bado ni mufupi, sasa ni ule mwingine." Nikamwambia suruali ni kazi ngumu. Nikakubali kuonekana fundi mbaya.

Siku ya kumpa, mama mkwe ndiye aliyepeleka. Alasiri, jua limeanza kulegea. Baba mkwe aliingia nayo chumbani, na mimi nikaenda kusimama karibu na pipa la maji, nikijifanya ninaosha sufuria. Alichelewa. Niliwaza labda ameivaa kichwani. Alipotoka alikuwa amevaa shati jeupe pia. Akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta, akarudi. Mapindo yote mawili yaligusa kandambili zake mahali pamoja. Akasimama, akainama, akatazama mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Akaenda tena mpaka ukutani. Nilikuwa nimeacha kuosha sufuria.

"Madamu."

Mama mkwe alikuwa palepale, lakini hakumpitia. Alinisemesha mimi.

"Ndiyo, Papa."

"Nani alikuambia?"

Sikumtazama mama mkwe. Pia sikutaka kudanganya. "Ni pantalo ya zamani, Papa. Pindo ilikuwa imelika upande mumoja."

Akaendelea kulitazama pindo la kushoto hata nikafikiri nimeharibu kila kitu. Kisha akasema, "Ilete."

Nikaleta vile vipande vya terigali nilivyofumua, nikavitandaza chini mbele ya kiti chake, nikarudi nyuma. Aliinama akaviangalia kama alivyoziangalia zamani mashine za Mulongwe. Akakigusa kile kilicholika. Akasogeza kingine kwa fimbo. "Na hii kubwa ni ya wapi?"

"Ya nyuma, Papa."

"Kumbe nyuma ni kubwa kuliko mbele?"

"Ni juu ya kukaa."

Akakaa, akasimama, akakaa tena, mkono ameuweka nyuma, kama nilivyofanya mimi. "Ni kweli," akasema. Akaniuliza mengine mengi, kwa nini mkato huu, kwa nini pale nimeacha kitambaa cha ziada. Tulikuwa bado katika maswali hayo, baba mkwe amekaa na mimi nimechuchumaa upande wa pili wa vipande, mume wangu aliporudi kazini. Akamwona baba yake na suruali, akafurahi, kisha akaona aibu kwa niaba yangu.

"Papa, usimukasirikie bibi yangu. Ni pantalo yake ya kwanza. Muguu mumoja alikosea."

Baba mkwe akasogeza fimbo yake kando ya kiti.

"Hakukosea," akasema. "Kaa hapa."

Mama mkwe alinishika mkono, tukaingia jikoni, tukafunga mlango. Tulisikia sauti ya mmoja tu, ndefu, bila kusikia maneno, na mwishoni hakuna sauti kabisa. Mama mkwe alikuwa anakoroga mboga ambayo ilikuwa imeiva kitambo. Mume wangu aliingia, akamsalimia mama yake kama mtu aliyetoka safari, akatoka tena.

Usiku tulipobaki mimi na mume wangu, nilimwuliza ameambiwa nini. Akaniambia polepole: uchungu, kinga, kijito, jiwe. Yote yalikuwa kama nilivyoyasikia. Lakini katika habari ya baba mkwe, baada ya kuanguka hakusukuma kinga yoyote. Alikuwa amelala chini hawezi kuinuka. Mama ndiye aliyeinuka na uchungu wake, akamwinua mumewe, akampa bega, wakaenda hivyo mpaka hospitali, kinga wameiacha majini. "Papa anasema ni mama aliyemubeba," mume wangu akaniambia. "Anasema aliona aibu, njo maana hakusema."

Sikuweza kulala na jambo hilo bila kuliuliza. Kesho yake nilimkuta mama mkwe akifua, nikamsimulia. Aliacha nguo ndani ya beseni.

"Muongo ule! Minye nimubebe yeye, na tumbo vile?" Akakamua shati kwa hasira. Kisha mikono ikapungua nguvu. "Ni kweli alishika bega yangu. Lakini ni mwisho tu, karibu na kufika."

"Kutoka wapi mupaka wapi, Mama?"

"Kutoka ku..." Akasimama, mikono inadondosha maji, akiitafuta ile barabara kichwani. "Palikuwa duka ya muarabu. Apana, duka ilikuwa mbele." Akageukia nyumba, akainua sauti. "Eh, Muzee! Ni wapi nilikupa bega? Ni mbele ya duka ao nyuma?"

"Duka gani?" baba mkwe akaitika kutoka ndani. "Ile wakati hakukuwa duka!"

"Lilikuwako!"

"Lilijengwa baadaye! Ngoja nikuje nikuoneshe." Na nikamsikia anatafuta kandambili.

Alitoka na suruali yake ya kitani, imekunjamana tangu gotini mpaka chini, akachuchumaa kwa shida kando ya beseni. Kwa ncha ya fimbo akaanza kuchora barabara kwenye udongo uliolowa, kijito hapa, mti hapa, kanisa hapa. Mama mkwe akampokonya fimbo akalifuta kanisa, akaliweka upande mwingine.